Trauti wamepotelea wapi kiangazi hiki? Besi nao wanauma alfajiri tu

chelezo_kimya

Wakuu, salaam. Naomba msaada kabla sijauza fimbo.

Ziwa ninalovua ni dogo, unalizunguka kwa miguu kwa saa mbili hivi, lakini lina kina. Katikati bildi yangu inagusa chini kwenye mita 15. Upande mmoja kuna kijito kinaingia, upande wa pili kuna ghuba iliyojaa magugu na mayungiyungi. Samaki ninaowafuata ni wa aina mbili tu: trauti wa upinde wa mvua na besi mdomo-mkubwa.

Barafu ilipoyeyuka nilikuwa nasimama kwenye maji yasiyofika magotini, natupa ndoana hatua ishirini mbele, trauti huyo. Karibu na mdomo wa kijito ndiyo usiseme. Baadaye kidogo maji yakapata uvuguvugu, besi wakaanza kuonekana ghubani, kila mmoja amekaa juu ya kiduara cheupe cha mchanga, na chambo chochote kikipita karibu anakivamia. Nikajiona bingwa, nikaanza hata kuwapa watu mawaidha.

Sasa ni katikati ya kiangazi, na wiki ya tano hii narudi na ndoo kavu. Besi napata wawili watatu kabla jua halijatoka, likishachomoza basi, kimya. Trauti ndio kabisa, hata wa kudokoa hakuna.

Nikawaza: maji ya juu yana joto, kwa hiyo trauti wameshuka kutafuta baridi. Nikachukua mashua, nikatia nanga katikati, nikateremsha mnyoo mpaka chini kabisa, nikakaa saa nne nzima nachomwa na jua. Kitu hakuna. Nilipovuta, chubwi likaja na tope jeusi tititi, laini kama masizi, linanuka yai viza. Mnyoo niliouteremsha akijinyonganyonga ulirudi umelegea kama uzi.

Je, trauti wamekufa wote? Hilo tope ni sumu imemwagwa na mtu? Nawasilisha.

mla_mgongo

Fimbo unauzaje mkuu?

Utani tu. Mimi kiangazi navua usiku, mchana nalala. Ila hilo tope la kunuka na mimi nimeshalivuta, nikadhani kuna mzoga. Ngoja waje wenye ziwa lao.

bildi_ya_babu

Chelezo, usiuze kitu. Wazo lako lilikuwa sahihi, ila ulilipitiliza. Umepita nyumbani kwa trauti bila kusimama, ukaenda kubisha hodi makaburini.

Tuanze na hilo tope, kwa sababu limekujibu maswali yote mawili. Harufu ya yai viza ni gesi ya salfaidi ya hidrojeni. Vijidudu vinavyoitengeneza hufanya kazi mahali ambapo oksijeni imekwisha. Hakuna mtu aliyemwaga sumu. Ni ziwa lenyewe. Magugu ya mwaka jana, majani, mizoga ya wadudu, vyote huzama na kuozea huko chini, na kuoza kunakula oksijeni. Mnyoo wako hakushindwa kuvutia samaki. Alikosa pumzi.

Utauliza, kwa nini upepo usipeleke hewa huko chini? Kwa sababu ziwa lenye kina, jua la kiangazi linalikata vipande. Maji ya moto ni mepesi, yanaelea juu. Ya baridi ni mazito, yanalala chini. Upepo unakoroga hayo ya juu tu. Katikati kuna tabaka jembamba ambalo joto linaporomoka nyuzi moja, mbili, hata nne kwa kila mita unayoshuka. Wataalamu wanaliita termoklaini, mimi naliita ngazi. Ukijiachia majini wima katikati ya ziwa lenu utaikuta mwenyewe: kifua kiko kwenye maji ya kuoga, vidole vya miguu vinauma kwa baridi.

Sasa mtazame trauti. Yeye raha yake ni kati ya nyuzi 10 na 16. Ikifika 20 anaacha kula, anahangaika; ikikaribia 25 anachungulia kifo. Tena maji yakipata moto yanabeba oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 10 lita moja inabeba miligramu 11 hivi, kwenye 25 ni kama 8. Na hapo ndipo mwili wake unaidai zaidi. Kwa hiyo juu kuna moto, chini hakuna hewa, naye amebanwa katikati kwenye kijitabaka ambacho pengine hakizidi mita mbili au tatu. Trauti wote wa ziwa zima wako humo. Ukikijua kilipo, kiangazi ni rahisi kuliko majira ya kuchipua.

Lakini usinitake nikuambie ni mita ngapi. Kila ziwa na lake. Pima.

Chukua chupa ya kioo ya lita moja. Ifunge jiwe ili izame. Kamba ya kuiteremshia iwe na fundo kila mita. Kizibo kifungie uzi wake peke yake, usichanganye na kamba. Teremsha chupa imezibwa mpaka kina unachotaka, kisha uzi wa kizibo uvute kwa mkupuo mmoja. Utaona mapovu yanapanda. Yakikoma, chupa imejaa. Ipandishe haraka, chomeka kipimajoto shingoni, ihesabie kama dakika moja, ukiwa umeikinga na jua kwa mwili wako. Andika, shuka mita nyingine. Na kila chupa uinuse. Nimesema uinuse.

Watu wanabeba mashine zenye vioo vinavyoonyesha samaki mpaka magamba, na hawajawahi kutia kipimajoto majini. Sisemi zaidi.

mama_besi

Shikamoo Babu. Hayo ya ngazi nakubali, ila tuwaambie na wenzetu wenye maziwa mafupi wasije wakahangaika na chupa bure. La kwangu kina chake ni mita 4, upepo ukivuma mchana mmoja linakorogeka lote mpaka chini. Hakuna ngazi, na ndiyo maana trauti hawaishi humo, wakipandikizwa wanakufa kiangazi cha kwanza. Ni besi watupu. Mimi silalamiki.

Chelezo, kuhusu besi wako. Vile viduara vyeupe ulivyoona ni viota. Dume ndiye anayefagia kwa mkia mpaka mchanga uonekane, jike anataga na kwenda zake, dume anabaki kulinda mayai na baadaye watoto. Inaanza maji yakifika nyuzi 15 mpaka 18. Alipovamia chambo chako si kwamba alikuwa na njaa, alikuwa anafukuza mwizi. Ukimtoa pale hata kwa dakika chache, wale samaki wadogo wanaozunguka pembeni wanamaliza mayai. Nimekaa kwenye mtumbwi nikawahesabu: sikufika thelathini, kiota kilikuwa cheupe tena. Tangu siku hiyo aliye juu ya kiota simgusi. Nakuomba na wewe.

Na sasa hivi kiangazi? Besi hakukimbia joto. Nyuzi 25, 26, hiyo ndiyo hali yake, tumbo linasaga chakula upesi kuliko wakati mwingine wowote. Anachokikwepa ni mwanga. Jua likipanda anaingia chini ya mayungiyungi, au kwenye kivuli cha gati, au anashuka kwenye ukingo ambapo magugu yanakomea na kina kinaanza. Wewe bila shaka unaendelea kutupa palepale wazi ulipompata alfajiri.

Fanya hivi. Tafuta tundu kwenye majani, hata likiwa dogo kama sahani. Chambo laini cha plastiki, ndoana uichomeke mwilini mwake isishike majani, bila chubwi au na dogo sana. Kiangushe *juu ya jani*, kisha ukivute polepole kiteleze kitumbukie chenyewe tunduni. Usikiguse tena. Mshipi ndio utazame: ukihama upande bila wewe, huyo kashachukua. Wengi wanangoja kusikia mshtuko mkononi, na akishausikia mtu, besi ameshatema.

upepo_wa_jioni

Nyongeza ndogo ambayo Babu kaiacha. Ngazi haikai sawa kama sakafu. Upepo ukivuma siku mbili upande mmoja, unasukuma maji ya moto yarundikane kwenye ukingo unaopigwa na mawimbi, na huko ngazi inashuka. Upande upepo unakotokea, maji ya baridi yanapanda. Mimi niliwahi kupata trauti mita 4 kutoka juu katikati ya kiangazi, kwenye ukingo uliotulia kabisa ambao hakuna mtu aliyetaka kuvua, eti hauna wimbi. Kesho yake upepo ukakata, nikarudi palepale, mita 4 ileile, nyuzi 24 na hakuna kitu. Niliapa kwamba ziwa lina wenyewe.

Kwa besi ni kinyume, nenda kwenye mawimbi. Chakula kinasukumwa huko na maji yakivurugika hawakuoni.

bildi_ya_babu

Marahaba mama. Na wewe Upepo umenena, nilisahau. Chelezo, basi pima siku iliyotulia kwanza.

Jambo jingine kabla hujaenda. Trauti ukimvuta kutoka mita 7 au 8, utaona mapovu yanatangulia kabla yeye hajafika. Usishtuke. Kibofu chake cha hewa kina njia mpaka kooni, anabeua. Besi hana njia hiyo. Ukimtoa besi kwenye mita 10 au zaidi, kama watu wafanyavyo wakati wa baridi, anavimba, tumbo linageukia juu, na ukimrudisha hawezi kushuka. Nimeona kunguru wakiwadonoa wakiwa hai.

chelezo_kimya

Wakuu, nimerudi. Kwanza asanteni, pili nacheka peke yangu.

Asubuhi ilikuwa kama kioo. Nilifika na chupa, kamba ya mafundo, kalamu. Haya ndiyo niliyoandika: juu nyuzi 25. Mita 2, 25. Mita 3, 25. Mita 4, 24. Mita 5, 21. Mita 6, 17. Mita 7, 14. Mita 8, 12. Mita 10, 9.

Yaani kutoka mita 4 mpaka mita 7 ni nyuzi kumi! Nilirudia mara mbili ile ya mita 6 nikidhani kipimajoto kimeharibika. Chupa yenyewe ukiishika unajua, ile ya mita 3 ilitoka vuguvugu, ya mita 7 ilitoka na umande nje.

Mita 8 nilinusa, hakuna kitu. Mita 10, Babu, ile harufu ipo. Si kali kama ya tope lakini ipo.

Mita 12 ndipo palinichekesha. Nikavuta uzi wa kizibo, kizibo hakitoki, badala yake inapanda chupa nzima. Navuta tena, vilevile. Nikaitoa: imejaa maji, na kizibo kimo *ndani*. Kimesukumwa na uzito wa maji. Uzi unatokea shingoni kama mkia wa panya. Nimekichokonoa kwa kijiti nusu saa, hakitoki.

Nikafunga hesabu hapo. Nikaweka mnyoo mita 7, pale palipokuwa nyuzi 14. Sikufikisha dakika kumi. Mshipi uliinama mara moja, polepole, kama mtu anayeegemea, halafu ukaondoka. Nilipomfikisha karibu yakatangulia mapovu manne matano, nikapiga kelele peke yangu "anabeua!" Sentimita 38. Wa pili mita 6 na nusu. Wa tatu nilimrudisha majini, na hapo ndipo nina swali: alielea ubavu, nikamshika mkiani kumsaidia, akaenda, lakini nilimwona tena baadaye mbele ya mashua, amelala juu ya maji, mdomo unafunguka na kufunga. Ndoana ilikuwa pembeni ya mdomo tu, hata damu hakuna. Nilikosea wapi?

Mama, ghubani nako nilikwenda saa sita mchana. Nilikosa mshipi ukihama mara mbili. Mara ya tatu sikukosa.

mama_besi

Saa sita mchana! Umenifurahisha. Hao wawili uliowakosa wapo, hawahami. Rudi kwenye matundu yaleyale.

bildi_ya_babu

Hukukosea mkono, ulikosea msimu. Umemtoa kwenye nyuzi 14, akapigana mpaka pumzi zikamwishia, ukamwachia kwenye nyuzi 25, pale ambapo pa kupumzikia hakuna. Mwenyewe hana nguvu ya kuzipiga mbizi mita 7 kurudi kwake. Anaweza kuondoka vizuri machoni pako na akafa saa moja baadaye.

Mimi maji ya juu yakipita nyuzi 20, trauti wa kurudisha sivui. Nikitaka wa kula, nachukua idadi ambayo sheria ya ziwa inaniruhusu, wa kwanza wanaokuja, wakubwa kwa wadogo kama sheria haikatazi, kisha nakunja mshipi au nahamia kwa besi. Kama ziwa lenu linataka warudishwe wote, basi mwache trauti mpaka maji yapoe. Najua inauma ukishajua alipo.

Kuhusu kizibo, unahitaji chenye kichwa kipana kuliko shingo ya chupa. Nilikuwa nangoja nione kama utafika mita 12.

chelezo_kimya

Babu ulijua!!

Sawa, nimekubali, trauti basi mpaka maji yapoe. Nitajuaje yamepoa ya kutosha? Ni suala la mwezi gani?

bildi_ya_babu

Mwezi hauna habari na ziwa lako. Endelea na chupa, mara moja kwa wiki inatosha. Utaona tabaka la juu linapoa na linazidi kuwa nene, 22, 20, 18, na ngazi inasukumwa chini. Trauti wataanza kupanda wenyewe. Besi nao watakula kama wanaofukuzwa, maana wanajua kinachokuja. Hapo ndipo mdomo-mkubwa mnene kuliko wote wa mwaka utampata, na mchana kweupe, akiwafuata vidagaa nje ya magugu.

Kisha itafika siku juu na chini joto ni moja. Tabaka halipo tena, upepo wa kwanza wa maana unaligeuza ziwa lote. Utajua bila kupima: maji yanakuwa ya rangi ya chai iliyokaa, vipande vya magugu yaliyooza vinaelea, na ile harufu yako ya tope utaikuta ukingoni. Siku hizo usisumbuke, samaki wametawanyika kila kina na hakuna anayetulia. Kaa nyumbani utengeneze rili. Wiki moja, wakati mwingine mbili.

Yakitakata, oksijeni ipo juu mpaka chini, na trauti anarudi ukingoni kwenye maji ya magotini, palepale ulipoanzia. Besi anaenda kinyume, chini ya nyuzi 10 anazubaa, anasogea kwenye miteremko yenye kina, anakula kidogo. Utampa chambo kidogo na utakivuta kama unayevuta mtoto aliyelala.

Baada ya hapo maji yanaendelea kupoa mpaka nyuzi 4, na hiyo ndiyo hali ambayo maji ni mazito kuliko zote. Ya 4 yanazama, ya baridi zaidi yanaelea na kuganda. Kwa hiyo chini ya barafu ziwa limepinduka: baridi kali iko juu, uvuguvugu, kama nyuzi 4 unaweza kuziita uvuguvugu, uko chini. Trauti wala hajali, utamkuta mita moja tu chini ya barafu akizunguka.

mla_mgongo

Nimesoma yote. Nimetoka kuomba chupa jikoni, nimeambiwa nikirudi bila kizibo nisirudi.

chelezo_kimya

Wiki ya tatu leo tangu tuanze. Juu 21, mita 5 ni 21 pia, mita 6 ni 20, mita 7 ni 15. Ngazi imeshuka kama ulivyosema. Mita 10 bado inanuka. Chupa ni mpya, ile ya zamani imekaa dirishani na kizibo chake ndani, watoto wanaitikisa.